Ushahidi wa Mmea wa Plastiki

Kwa muda wa wiki tisa, mmea uliokuwa na afya bora kuliko yote katika maabara ya Bayolojia ya shule yetu ulikuwa wa plastiki. Ninalisema jambo hili kwa masikitiko makubwa, na kwa fahari kidogo, kwa sababu niliupanda mimi.

Shuleni naitwa Kiroboto. Sikai mahali nikatulia, na kila ninapotua lazima mtu ajikune. Safari hii aliyejikuna alikuwa mwalimu wetu wa Bayolojia, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye wasichana wa shule nzima walimwita Darubini. Hakuna kilichokuwa kidogo mno asikione. Aliweza kusimama mlangoni mwa darasa lenye watu arobaini akasema, "Wewe wa nyuma, kifungo cha pili," na kweli kifungo cha pili kilikuwa hakipo.

Mwalimu Darubini alikuwa na tangi la samaki. Lilikaa kwenye pembe ya maabara, mbali na dirisha, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umetiwa kipande cha kadibodi chini. Ndani yake mlikuwa na samaki kumi na wawili wadogo wenye mstari mwekundu ubavuni, changarawe nyeusi, na mimea hai ya majini. Niseme mimea iliyokuwa bado hai, kwa maana ilikuwa inakufa mmoja mmoja kwa heshima zote. Majani ya chini yaligeuka manjano, kisha kahawia, kisha yakaelea. Kila asubuhi Mwalimu aliyatoa kwa kijiti kirefu, akayapanga kwenye karatasi nyeupe na kuyatazama kama daktari anayesoma majibu mabaya.

Basi mimi nikamwonea huruma. Wakati wa likizo nilinunua mmea wa plastiki kwenye duka la vifaa vya bafuni. Ulikuwa wa kijani kibichi, wenye urefu wa sentimeta thelathini na moja, na majani yaliyozunguka shina kama pete, sawa na yale ya mimea yake. Siku ya kwanza ya muhula, saa ya chai, niliuchomeka katikati ya changarawe. Nilitegemea agundue kabla kengele haijalia.

Hakugundua. Darubini, aliyeona kifungo, hakuona plastiki! Wiki ya pili alituita tulizunguke tangi.

"Mnauona huu?" alisema. "Wenzake wote wanaugua, huu umesimama. Tujiulize una nini."

Nusura nimeze kalamu. Jirani yangu wa kitanda cha juu, Tarumbeta, ambaye siri kwake haikai hata dakika tano, alilazimika kutoka nje akasema anaumwa tumbo. Yeye peke yake ndiye niliyemwambia, na hadi leo siamini kwamba alinyamaza. Nadhani jambo lenyewe lilikuwa kubwa mno, halikupita mdomoni.

Kila siku nilipitia maabara kuhakikisha mmea wangu haujainama. Nikauona ukisifiwa, ukichorwa na kidato cha kwanza, na wiki ya tisa ukaonyeshwa kwa wakaguzi waliokuja shuleni. Mkuu wa Shule mwenyewe aliwaongoza. Alisimama mbele ya tangi, akaweka mikono nyuma, akasema, "Hapa mtaona matunda ya utunzaji." Mkaguzi mmoja akakunja mkono wa shati, akaushika mmea, akauvuta. Ukatoka wote bila mzizi. Kwenye kitako chake palikuwa na maandishi madogo, naye akayasoma kwa sauti ya taratibu: "Osha kwa sabuni."

Nilijisalimisha mwenyewe jioni ileile, si kwa ushujaa; Tarumbeta alikuwa ameanza kupumua kwa namna ya mtu anayekaribia kuzungumza.

Ofisini kwa Mkuu nilisimama kwenye zulia ambalo nalijua vizuri. Mwalimu Darubini alikuwa ameketi kando, mikono mapajani.

"Nimeaibika mbele ya wageni," Mkuu alisema, "kwa hiyo nimeamua mambo mawili. Kiroboto, wewe utarudi nyumbani wiki tatu. Na wewe Mwalimu, lile tangi litamwagwa maji. Nitalitumia kuwekea vikombe vya michezo. Shule haiwezi kuendelea kutunza makaburi ya majani."

Ndipo nikamwona Mwalimu Darubini akibadilika. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alishika tu ukingo wa kiti, vidole vikawa vyeupe. Tangi lile alikuwa amelinunua kwa fedha yake, akalileta shuleni amelipakata mapajani njia nzima. Hilo lilijulikana na kila mtu, maana ilikuwa hadithi yake ya kwanza kwa kila kidato kipya.

"Mkuu, nipe muhula ujao," alisema. "Na unipe na huyu."

"Huyu?" Mkuu alinitazama kama mtu aliyeombwa kugawa upele. "Wa nini?"

"Atanisaidia kupata mmea hai utakaoupita ule wa plastiki."

Mkuu alifikiri. Kisha akatoa hukumu ambayo naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliandikiwa. Mimi ningebaki shuleni. Siku ya mwisho ya muhula ujao angekuja maabara na rula. Ikiwa mmea hai hata mmoja ungeufikia ule wa plastiki kwa urefu, tangi lingebaki. Usipofika, vikombe. Mmea wa plastiki urudishwe ndani ya tangi, usimame humo kama kipimo, ili sote tuukumbuke.

Tulipotoka nje nilisema, "Mwalimu, samahani. Ulikuwa mzaha tu."

"Najua ulikuwa mzaha," alisema. "Ulikuwa mzuri. Lakini ngoja nikwambie ulichofanya." Akasimama kwenye kivuli cha ukuta. "Mimea yangu ilikuwa inakufa, nami nilishuku vitu vinne: maji, changarawe, chakula na taa. Nikaona mmea mmoja unastawi chini ya taa ileile. Nikasema, basi si taa. Nikabadilisha maji. Nikabadilisha changarawe. Nikaongeza mbolea. Wiki tisa, Kiroboto, nilitafuta kila mahali isipokuwa pale penye kosa, kwa sababu shahidi wako aliiachia taa huru."

Nimewahi kuchapwa kwa maneno na watu wengi wenye ujuzi wa kazi hiyo. Hakuna aliyewahi kuniumiza kwa sauti ya chini namna ile.

Muhula mpya ulipoanza, tangi lilikuwa na vipande vitano tu vya mmea hai, kila kimoja kirefu kama kidole. Taa ilikuwa balbu moja ya manjano, ya aina wanayofunga kwenye korido, iliyoning'inia pembeni na kuzimwa saa kumi maabara inapofungwa. Mwalimu alikuwa anaondoka siku hiyohiyo kwenda semina ya walimu ya siku kumi na sita.

"Wewe ndiye uliyeiachia taa huru," aliniambia. "Wewe ndiye utakayeibadilisha. Chagua taa, andika kwa nini umeichagua, na kila siku andika unachokiona. Unachokiona, si unachokitaka."

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Kwangu alikuja Mama Mdogo, ambaye ana studio ya picha na hajawahi kuzungumza na mtu bila kumtengeneza kola.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Umeharibu nini safari hii?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akatoa leso, kisha akakunja uso. Taa ni mambo yake, na kwenye mambo yake hana utani. Alienda maabara akafumba jicho moja, akalitazama tangi kutoka kushoto, kutoka kulia, akapiga magoti.

"Mwanangu, mbona mmewaweka hawa gizani? Angalia, huyu samaki hana hata uso. Balbu hii inatia kila kitu homa ya manjano." Kesho yake alituma taa yake ya studio ya zamani, yenye mguu wa chuma na mwavuli mweupe. "Iweke mbele, juu kidogo ya usawa wa macho, kushoto. Hakuna sura iliyowahi kushindwa na taa hii."

Nikaiweka mbele, kushoto. Jamani, tangi lilipendeza! Mistari ya samaki ilimeta, changarawe ikang'aa, majani yakaonekana hadi mishipa. Wasichana walipanga foleni kutazama. Niliandika kwenye daftari: *Nimechagua taa hii kwa sababu kila kitu kinaonekana vizuri.* Nilijipongeza sana kwa sentensi hiyo.

Siku ya sita ya taa hiyo Tarumbeta alikuja kuangalia. Akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena.

"Kiroboto, meza imelala upande?"

"Meza iko sawa. Ina kadibodi."

"Basi mbona samaki wamelewa?"

Nikatazama. Samaki wote kumi na wawili walikuwa wanaogelea ubavu-ubavu, migongo imeelekea kioo cha mbele, kama abiria wanaochungulia dirisha moja. Na mimea ilikuwa inakua, tena kwa kasi, ila haikuwa inakwenda juu. Ilikuwa inakuja kwetu. Mashina yote matano yalilala kuelekea mwavuli wa Mama Mdogo, yamejipanga vizuri kama familia inayopigwa picha. Wa plastiki peke yake ndiye aliyesimama wima, na naapa alikuwa anajisikia.

Nilitaka kuandika kwamba mambo ni mazuri. Nikakumbuka alivyosema. Nikaandika: *Samaki wameinama. Mimea imeinama. Kioo cha mbele kimeota utando wa kijani.* Kila siku niliandika hivyo, na kila siku utando ulizidi, na sikujua la kufanya zaidi ya kufuta kioo.

Mwalimu alirudi asubuhi ya siku ya kumi na saba, akiwa bado na begi begani. Nilimpa daftari na kusimama nikisubiri adhabu. Alisoma. Aliliweka begi chini, akapiga magoti mbele ya tangi, akakaa pale kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu vigae vya sakafu. Alipogeuka alikuwa anatabasamu kama mtoto.

"Umeona jambo ambalo watu wengi hufuga samaki miaka yote bila kuliona," alisema. "Samaki husaidiwa na mwanga kujua juu ni wapi. Ukimwekea jua ubavuni, anadhani ubavuni ndiko juu. Mmea nao unafuata mwanga popote ulipo. Wewe umewawashia taa ya kutazamwa. Wao wanataka taa ya kuishi."

"Kwa hiyo nimekosea."

"Sana. Lakini umeandika ukweli, kwa hiyo kosa lako lina faida. Niletee gilasi na wembe. Twende tukaulize mmea wenyewe."

Jambo lililofuata ndilo lililonimaliza. Alikata kipande cha shina kirefu kama kidole gumba, akakitumbukiza kwenye gilasi ya maji ya tangi, ncha iliyokatwa ikiwa juu. Akasogeza balbu ya manjano karibu. Tukasubiri. Kwenye ile ncha pakatokea kiputo kimoja kidogo kama kichwa cha sindano, kikapanda hadi juu, kikapotea. Muda ukapita, kikaja kingine.

"Mmea ukipata mwanga unaoutaka, unafanya kazi, na unapofanya kazi unatoa oksijeni," alisema. "Kila kiputo ni neno. Hesabu maneno kwa dakika."

Nilihesabu. Balbu ya manjano: vinne. Mwalimu hakutumia kifaa chochote ila saa yake ya mkononi na kipande cha chaki, na alikiuliza kile kipande maswali kwa adabu ambayo mimi sijawahi kumpa mtu mzima yeyote. Tukawasha taa ya studio: viputo ishirini na saba, vikikimbizana. Nikaruka.

"Mama Mdogo ameshinda!"

"Shika gilasi."

Nikaishika. Ilikuwa na joto kama chai iliyosahaulika.

"Sasa fikiria inawamulika samaki kwa saa nane kila siku. Na inamulika upande mmoja tu, kwa nguvu kupita kiasi. Ndiyo maana mwani wote, ule utando wa kijani, umejaa pale kwenye kioo. Haitoshi kuuliza taa ina nguvu gani. Uliza nguvu hiyo inafika wapi."

Kisha akatoa kabatini taa ndefu nyembamba ya LED, nyeupe kama mwanga wa mchana, aliyoiomba kwa fundi wa bwalo la chakula. Ilikaribia kulingana na tangi kwa urefu. Aliishikilia juu ya gilasi, kwanza karibu kabisa, viputo ishirini na viwili. Kisha shubiri moja juu ya maji, kumi na tisa. Kisha shubiri mbili, tisa. Maji yalibaki baridi. Alirudia kila kipimo mara tatu, maana mara moja, alisema, ni uvumi. Sijawahi kukaa kimya dakika nyingi kiasi kile. Tarumbeta alipita dirishani, akaniona nimekazia macho gilasi ya maji bila kusema neno, akaenda kumwita matroni.

Tuliifunga taa ndefu juu ya tangi, shubiri moja kutoka kwenye maji, ikimulika kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alichomeka kisaa cha kuiwasha na kuizima yenyewe, saa saba kwa siku, hata maabara ikiwa imefungwa.

"Kwa nini isiwe saa kumi na nane?" niliuliza. "Wakue haraka."

"Wewe ukipewa uji saa kumi na nane utakua haraka?"

Baada ya saa moja samaki wakawa wima. Baada ya siku tatu ncha za mimea zikaanza kugeuka kuelekea juu, taratibu, kama watu wanaoamka baada ya hotuba ndefu. Mwani ulipungua. Mama Mdogo, nilipompigia simu kumweleza, alisema, "Basi mwambie mwalimu wako taa yangu airudishe ikiwa safi. Na mwambie nimemvulia kofia. Mimi miaka yote nimemulika watu, sijawahi kumuuliza hata mmoja kama anapenda."

Wiki zikaenda. Kila Ijumaa nilipima, na Tarumbeta alitangaza bwenini: kumi na tano! Kumi na tisa! Ishirini na tatu! Wasichana ambao hawakuwahi kuijali Bayolojia walishangilia shina. Siku moja kabla ya hukumu, mmea wetu mrefu kuliko yote ulikuwa na sentimeta ishirini na tisa kasoro kidogo. Na usingeota mbili na zaidi kwa usiku mmoja.

Mchana ule nilikuwa peke yangu maabara. Nilikunja mkono wa sweta, nikaushika ule wa plastiki, nikausukuma chini ndani ya changarawe sentimeta nne. Ulizama kwa utii. Ingekuwa rahisi hivyo, na Darubini wa kuona kifungo angeshukuru tu. Nilisimama pale maji yakinidondoka kiwikoni, na kwenye jani la mmea ulio hai kiputo kimoja kikaachia, kikapanda. Nikafikiria wiki tisa za mtu kubadilisha changarawe bure. Nikauvuta wa plastiki nikaurudisha palepale, nikaupima mara mbili usije ukawa umepungua hata kidogo. Sijawahi kufanya kazi ya uaminifu yenye kuudhi kama ile.

Mkuu alikuja asubuhi akiwa na miwani na rula ya mbao. Akapima wa plastiki kwenye kioo: thelathini na moja. Akapima ulio hai, kutoka changarawe hadi ncha.

"Ishirini na nane na nusu." Akashusha rula. "Pole, Mwalimu. Kwa kweli tangi limependeza. Lakini tulikubaliana."

Mwalimu Darubini aliitikia kwa kichwa. Vidole vyake vilishika ukingo wa meza.

"Mkuu, naomba ruhusa," nilisema.

"Kiroboto, leo si siku yake."

"Si mzaha, Mkuu. Umepima kimo. Hukupima mmea."

Nilivuta uzi kwenye pindo la sweta langu, ambalo tangu hapo halijapona. Nikazamisha mkono, nikaufuata mmea kwa uzi kutoka kwenye changarawe: ukipanda sentimeta kumi, kisha ukilala kuelekea kioo cha mbele, zile siku za taa ya Mama Mdogo zote zikiwa zimehifadhiwa pale kwenye shina, kisha ukipinda tena na kwenda juu moja kwa moja. Nikakata uzi kwa meno, nikaunyoosha kwenye rula ya Mkuu. Thelathini na tatu.

Mkuu alimgeukia Mwalimu. "Ni halali?"

"Shina hupimwa kwa kulifuata," Mwalimu alisema. Kisha, kwa sababu ndivyo alivyo, akaongeza maneno ambayo nilitamani ayameze. "Lakini sitakuficha, Mkuu. Kule kupinda ni kosa la taa. Tungeiweka vizuri tangu mwanzo, usingepinda."

Mkuu aliutazama mmea uliopinda, akautazama wa plastiki ulionyooka kando yake. Akavua miwani.

"Mwaka huu nimeshasimama hapa mara moja nikausifia ulionyooka," alisema. "Inatosha. Vikombe vitakaa kabatini." Akazamisha mkono mwenyewe, akaung'oa wa plastiki, akautikisa maji. "Huu nauchukua. Utakaa mezani kwangu, nikumbuke kugusa kabla ya kusifu."

Alipotoka, Mwalimu aliketi kwenye stuli mbele ya tangi. Mimi nilikuwa na swali lililonikaa tangu muhula uliopita.

"Mwalimu, kwa nini uliniomba mimi? Ungeniacha nirudishwe nyumbani."

"Wiki tisa," alisema bila kugeuka, "kila siku ulikuja kuangalia kama nimegundua. Nilidhani unapenda mimea. Baadaye nikajua ulikuwa unalinda mzaha wako. Lakini katika shule nzima, Kiroboto, hakuna mtu aliyelitazama tangi langu mara nyingi kama wewe."

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Nina uhakika nilikuwa nalo. Lakini taa ilikuwa imewaka, na kwenye shina lililopinda viputo vilikuwa vimeanza, nami nikajikuta nimekwisha kuhesabu hadi kumi na moja.